Kuonana na daktari kabla ya upasuaji wa ngozi: siku ileile au siku nyingine? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu wa Dar es Salaam au mikoa ya jirani aliyeambiwa "hiki inabidi tukitoe": uvimbe wa mafuta mgongoni, sunzua sugu, keloidi (kovu lililoota na kuvimba) ya sikioni, kidonda cha mdomoni kisichopona, doa jeusi chini ya unyayo. Swali linaloulizwa zaidi dirishani kwetu halihusu kisu. Watu wanauliza siku. Nije mara ngapi? Nikionwa leo, naweza kukatwa leoleo? Majibu yameandikwa na muuguzi wa kliniki ya ngozi, na palipo na maoni yangu nimesema kuwa ni maoni.

Daktari wa zahanati ameshaniona na kuniandikia rufaa. Kwa nini nionwe tena?

Aliyekuandikia rufaa amesema una tatizo. Atakayekukata anatakiwa ajue akate wapi, kwa ukubwa gani, afungeje kidonda, na afya yako kwa jumla ikoje. Ataiangalia ngozi, atapapasa tezi za shingoni, kwapani au kinenani kutegemea uvimbe ulipo, atakuuliza dawa unazotumia, na akiwa mtu makini atachora kwa kalamu kovu litakapopita. Fomu ya ridhaa huja baada ya hapo. Kukaguliwa rufaa dirishani si mazungumzo hayo, na kupimwa presha na uzito pia siyo.

Kuonwa na kukatwa siku moja inawezekana?

Ndiyo, na kwa mambo madogo hakuna ubaya wowote. Jipu lililoiva halingoji tarehe. Kinyama kinachoning'inia shingoni, sunzua, uvimbe mdogo wa mafuta mkononi au mgongoni uliokaa miaka bila kubadilika: hivi daktari anaweza kukuangalia, mkazungumza, akapiga ganzi na kumaliza kabla ya adhuhuri, mradi chumba na vifaa vipo. Biopsi, yaani kukata kipande kidogo cha ngozi kwa ajili ya kipimo, nayo hufanyika vizuri siku ya kwanza. Ningependa watu waiombe zaidi siku hiyo badala ya kukubali kuondoka na tarehe ya kurudi tu.

Kwa nini basi mwingine anaambiwa arudi siku nyingine? Huwa tunadhani ni uvivu wa hospitali.

Wakati mwingine sababu ni foleni, sitakuficha. Lakini kuna hali ambazo siku moja haitoshi hata kama chumba kiko wazi na daktari amekaa anakusubiri.

Chukua doa jeusi la unyayoni. Saratani ya ngozi iitwayo melanoma, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua halifiki. Mtu anakuja akidhani ni damu iliyovilia baada ya kujikwaa. Daktari akishuku, hatua ya kwanza ni kuchukua kipimo, na maabara inapima unene wa ugonjwa kwa milimita. Unene huo ndio unaoamua upasuaji wa pili: usipozidi milimita 1, kwa kawaida hukatwa sentimita 1 ya ngozi isiyo na ugonjwa kulizunguka doa, ukizidi milimita 2, sentimita 2. Kwenye unyayo, sentimita 2 kila upande ni shimo ambalo huenda likahitaji kuzibwa kwa ngozi iliyotolewa pajani. Kwa hiyo siku ya kwanza hakuna daktari mkweli anayeweza kukuambia kidonda chako kitakuwa na ukubwa gani. Na habari kwamba paja litachunwa ngozi ili kuziba unyayo ni vizuri uisikie umekaa kwenye kiti, umevaa nguo zako, na ndugu yako pembeni. Ukiisikia umeshalala chini ya taa, utaitikia chochote.

Uso nao una mambo yake. Karibu na jicho, pua na mdomo, milimita chache zinaweza kuvuta kope au kupindisha tabasamu. Hapo unahitaji muda wa kujitazama kwenye kioo nyumbani na kurudi na maswali.

Keloidi ya sikio je? Kile si kitu cha kukata tu?

Hapana, na hapa ndipo watu wanapoumia zaidi kwa haraka. Keloidi ikikatwa peke yake, bila matibabu mengine, mara nyingi hurudi, na pengine hurudi kubwa kuliko mwanzo. Nimeona binti aliyeanza na punje kama ya dengu nyuma ya sikio alipotoga, akakatwa mtaani, miaka miwili baadaye akaja na kitu cha ukubwa wa embe dodo changa, kinavuta ndewe nzima chini. Mama yake alikuwa amekifunika kwa khanga ili kisionekane kwenye daladala.

Kinachozuia isirudi ni yanayofuata baada ya kukata: sindano za steroidi mahali penye kovu kila baada ya wiki kadhaa kwa miezi, hereni za kubana sikio, na kwa baadhi ya wagonjwa mionzi. Ndiyo maana mazungumzo ya keloidi karibu yote ni kuhusu kalenda. Daktari anataka kujua kama utakuwepo mjini. Mwanafunzi anayeondoka kwenda chuo Dodoma mwezi ujao ni heri asubiri likizo ndefu, au tupange mapema sindano atazichomewa wapi huko. Keloidi za kifuani na mabegani ni wakorofi zaidi, na kuna ambazo daktari atakataa kabisa kuzikata na kukushauri sindano pekee. Akikataa, usikimbilie kwa mwingine atakayekubali siku hiyohiyo. Hayo ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

Nina ualbino. Mimi nifuate utaratibu gani?

Wewe usisubiri. Saratani za ngozi kwa watu wenye ualbino katika nchi yetu huanza mapema, wengine wakiwa bado vijana, na nyingi ni ile ya seli bapa inayoanza kama baka la ngozi kavu lenye magamba usoni, masikioni, shingoni au mikononi. Ikiwahiwa ni kidonda kidogo na kovu dogo. Ikichelewa inaingia ndani.

Kwa maoni yangu kundi hili lingestahili kuonwa na kuchukuliwa biopsi siku moja, kwa sababu kila safari ni saa nyingine juani. Mabaka madogo ya mwanzo mara nyingi huweza kutibiwa papo hapo kwa kugandishwa kwa naitrojeni ya maji, pale inapopatikana, au kwa dawa ya kupaka. Dai ukaguliwe mwili mzima, si pale ulipopaonyesha tu. Kidonda cha mdomo ndicho kilichokuleta, lakini huenda kipo kingine nyuma ya sikio ambacho hujawahi kukiona. Omba nafasi ya asubuhi kabisa, kofia pana na mikono mirefu visikosekane. Na ukiwa hapo uliza kuhusu mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC.

Nimesoma kwamba Marekani wanafanya upasuaji wa Mohs na mtu anamaliza siku moja. Kwa nini sisi tusifanye hivyo?

Njia hiyo ilianzishwa na Frederic Mohs, daktari wa Wisconsin, miaka ya 1930. Daktari anakata tabaka jembamba, analiangalia lote chini ya hadubini wakati mgonjwa anasubiri na bandeji yake, na kama bado kuna saratani pembeni anakata tena palepale ilipobaki, hadi iishe. Ni njia nzuri sana kwa saratani fulani za usoni, kwa sababu inaokoa ngozi isiyo na ugonjwa.

Lakini tazama kinachoitwa "siku moja" hapo. Mgonjwa wa aina hiyo kwa kawaida ameshachukuliwa biopsi siku nyingine, na jibu lake analo. Mpasuaji amepokea ripoti, mara nyingi na picha. Kinachojadiliwa huko ni kama mgonjwa akutane na mpasuaji mwenyewe kabla, au wakutane asubuhi ileile ya upasuaji. Wapo wanaotaka siku moja kwa sababu ya umbali na kazi, wapo wanaotaka kumjua kwanza mtu atakayegusa uso wao. Madaktari wenyewe hawajakubaliana. Kwetu njia iliyozoeleka ni kukata uvimbe pamoja na ukingo wa ngozi isiyo na ugonjwa, kisha kinyama kinapelekwa maabara na majibu yanafuata baadaye. Kwa hiyo hata ukikatwa leo, leo hujamaliza.

Kwa jumla basi nitakuja mara ngapi?

Hesabu hivi: kuonana na daktari, kukatwa, kutoa nyuzi, kuchukua majibu ya maabara. Kuonwa na kukatwa siku moja kunaondoa safari moja kati ya nne, na kwa upasuaji mkubwa au wa sehemu ya wazi hiyo ndiyo safari ambayo mimi nisingeiondoa.

Punguza kwingine. Nyuzi za usoni hutolewa siku ya 5 hadi ya 7, za kichwani siku ya 7 hadi ya 10, za mgongoni na miguuni hukaa mpaka siku ya 14 au karibu na hapo. Kazi hiyo zahanati ya mtaani kwako inaiweza kabisa ukienda na karatasi inayoeleza ni nyuzi ngapi na zitolewe lini. Iombe karatasi hiyo kabla hujaondoka. Majibu ya maabara yakiwa salama, kliniki nyingine hukubali kukupigia simu. Waulize mapema, na hakikisha namba iliyoandikwa kwenye faili ni ile unayoitumia, si laini uliyoipoteza mwaka juzi.

Natoka mbali. Nikirudi nyumbani sina nauli ya kuja tena.

Hili tunaliheshimu. Bibi mmoja kutoka upande wa Mkuranga aliniambia, "Sista, mwanangu, ukinirudisha leo hunioni tena." Alikuwa anasema kweli, nasi tulifanya alichokuja nacho siku hiyo.

Umbali una sura nyingi. Anayetoka Morogoro sasa ana treni ya umeme ya SGR tangu 2024, anaweza kwenda na kurudi bila kulala mjini. Anayetoka Mafia anategemea boti ya Nyamisati na hali ya bahari. Na kuna mtu wa Chanika au Bunju ambaye kwenye ramani yuko Dar es Salaam, lakini akitaka kufika Upanga saa moja asubuhi anaamka saa tisa usiku. Sema unakotoka mara tu unapofika mapokezi, usingoje mpaka daktari atoe tarehe. Mara nyingi inawezekana kuonwa Jumatatu na kupangiwa Jumanne au Jumatano, ukalala kwa ndugu usiku mmoja badala ya kufunga safari mbili. Njoo pia na vitu vitakavyoruhusu uamuzi wa siku moja: rufaa, majibu yoyote ya nyuma, dawa zako zote ndani ya mfuko, na mtu wa kukusindikiza. Asilimia kubwa ya wanaorudishwa, kwa ninavyoona, wanarudishwa kwa kukosa kimojawapo.

Naweza kuzungumza na daktari kwa simu kabla, halafu nije siku ya kukatwa tu?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Historia ya ugonjwa, dawa, mzio na maelezo ya namna ya kujiandaa yanafaa kabisa kwa simu. Kupapasa hakufai. Kwenye picha, uvimbe wa mafuta unaoteleza chini ya kidole na uvimbe ulioshika chini vinafanana. Ukituma picha, piga mchana karibu na dirisha, bila fleshi. Moja ya mbali inayoonyesha kiungo chote, nyingine ya karibu yenye rula au sarafu pembeni. Usiweke programu za kulainisha ngozi. Ndiyo, tumewahi kuletewa kidonda kilichopakwa urembo wa simu.

Pengo kati ya kuonwa na kukatwa liwe la muda gani?

Kwa kitu kisicho na haraka, wiki moja hadi tatu zinatosha watu wengi: unapata muda wa kufikiri, kuomba ruhusa kazini na kutafuta hela, na bado unakumbuka ulichoambiwa. Miezi ikipita, maelezo yanasahaulika, presha inabadilika, uvimbe unakua, na kimsingi inabidi muanze upya. Ukiona tarehe uliyopewa iko mbali sana, uliza kama kuna orodha ya kujaza nafasi za wanaoahirisha. Zipo nafasi hizo karibu kila wiki, hasa za masika, mvua ikinyesha na Jangwani ikafurika.

Nikisubiri, saratani si itasambaa?

Swali la haki. Saratani nyingi za ngozi hazibadiliki sana kwa siku kumi za kupanga mambo vizuri. Melanoma na vidonda vinavyokua upesi, vinavyotoa damu, au vyenye tezi zilizovimba jirani, hivyo visilale kwenye foleni ya kawaida. Mwambie daktari waziwazi kwamba kimeongezeka ndani ya wiki chache na aandike kwenye faili. Ila muda mwingi unaopotea, ukweli usemwe, hupotea kabla mtu hajafika kwetu. Wiki mbili za kusubiri zenye tarehe iliyoandikwa si sawa na miezi sita ya kupaka majivu, alovera na dawa ya meno.

Mimi nikijua mapema silali usiku. Si bora nikatwe ghafla?

Watu wako hivyo, na si aibu kulisema. Mwambie daktari: "Naomba nipangiwe karibu, nikingoja naumia roho." Kuna ambao kuona chumba na kuambiwa hatua kwa hatua ndiko kunakowatuliza, kuna ambao kila maelezo yanawaongezea hofu. Kwa upasuaji mwingi wa ngozi unakuwa macho. Ganzi inachoma inapoingia, kisha unahisi kuvutwavutwa bila maumivu. Wengi huniuliza juu ya "nusu kaputi" wakati hawaihitaji kabisa.

Siku ya kuonwa niseme nini?

Sema yote, hata usiyoulizwa. Dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini: usiziache mwenyewe, maana kuziacha kunaweza kuleta kiharusi au damu kuganda mapafuni, na kwa upasuaji mdogo wa ngozi wagonjwa wengi huendelea nazo. Daktari atataka kipimo cha kuganda kwa damu cha siku za karibuni, na hiyo peke yake ni sababu ya kuonwa siku kabla. Aspirini uliyoandikiwa na daktari wa moyo ni vivyo hivyo. Diklofenaki unayonunua dukani kwa ajili ya mgongo nayo itaje. Kisukari, presha, selimundu, ARV, ujauzito, mzio wa dawa au plasta, betri ya moyo (mashine ya umeme ya kuzuia damu inaweza kuiingilia), keloidi za zamani, sigara.

Halafu kuna mkorogo. Hapa ndipo siku mbili zinapoonyesha faida yake. Krimu za kung'arisha ngozi zenye steroidi, zikitumika kwa muda mrefu, huifanya ngozi kuwa nyembamba. Uzi unakata nyama badala ya kuishika, na kidonda kinachelewa kufunga. Mtu akiulizwa mbele ya shemeji yake atakana. Siku ya pili anakuja peke yake, anaufunga mlango na kusema, "Sista, kuna kitu sikukisema." Hatumgombezi. Daktari anabadili mpango: uzi mwingine, nyuzi zikae muda mrefu zaidi, au aache krimu kwa utaratibu kwanza, kwa sababu kuzikatisha ghafla nako kuna matatizo yake.

Kuna harusi mwezi ujao. Nikate kabla au baada?

Baada, kama kitu chenyewe si cha hatari. Kovu la wiki nne bado ni jekundu au jeusi na gumu, hakuna poda italificha vizuri. Na kama umepangiwa upasuaji wa mguu au mkono, mwambie mpaka hina asikupake piko sehemu hiyo. Piko ikikolea kwenye unyayo, doa tulilotaka kulikagua halionekani mpaka rangi ichujuke.

Nafunga Ramadhani. Je?

Kwa ganzi ya sindano hakuna haja ya kukaa na njaa. Kitabibu tungependa uwe umekula na kunywa maji. Mashekhe wengi wanasema sindano isiyo ya lishe haifunguzi, lakini muulize wa kwako. Kama jambo linaweza kungoja, njoo kuonwa ndani ya mfungo, ukatwe baada ya Idi. Kama haliwezi, tupange mapema asubuhi, na vidonge viangukie futari na daku.

Mtoto wangu ana miaka minne.

Huyo ni siku mbili karibu kila mara. Watoto wadogo wengi hulazwa usingizi, na daktari wa usingizi lazima amwone kabla. Siku yenyewe asile chakula kwa muda wa saa 6 kabla ya kulazwa usingizi. Maji matupu huruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili kabla ya usingizi, isipokuwa mkiambiwa vingine. Bibi wa nyumbani aambiwe pia, maana ndiye anayempa uji kwa huruma.

Bima italipa kuonwa mara mbili?

Inategemea kifurushi. Baadhi ya bima zinataka kibali kabla ya upasuaji, na kibali huombwa baada ya daktari kuandika anachokwenda kufanya, kwa hiyo mwenye bima ya namna hiyo hana njia ya kukatwa siku ya kwanza hata akilia. Uliza pia kama bima inalipia kipimo cha maabara cha kinyama. Anayelipa taslimu aombe aandikiwe gharama zote, pamoja na maabara na bandeji, siku ya kuonwa. Kinyama ambacho hakikupelekwa maabara kwa kukosa hela ni hasara kubwa, na pesa yake ni afadhali ikatafutwa kabla ya kisu.

Nimeonwa na daktari mmoja, siku ya kukatwa namkuta mwingine. Ni sawa?

Hutokea, hasa kwenye hospitali zenye madaktari wanafunzi wa ubingwa. Una haki ya kujua jina la anayekukata na kumuomba arudie kwa kifupi alichopanga mwenzake. Akikwambia kitu tofauti na ulichokubali, msimamishe.

Hapa kuna jambo dogo lenye uzito. Biopsi ikipona vizuri, baada ya wiki tano kovu lake linaweza lisionekane kabisa, hasa usoni penye madoa mengine. Daktari mpya anauliza, "Ni wapi?" na mgonjwa anaonyesha kwa kukisia. Siku ya biopsi, kabla plasta haijabandikwa, mpe muuguzi simu yako apige picha ya mahali hapo pamoja na sikio, pua au kitu kingine cha kupatambulisha. Usiifute.

Mume wangu, au wajomba, wanataka waamue wao.

Waje, wakae, waulize. Mtu mzima mwenye akili timamu anaweka sahihi yake mwenyewe. Kama unahitaji kwenda kushauriana nyumbani, hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuomba siku ya pili, na huna haja ya kutoa kisingizio kingine.

Na nikibadili mawazo nikiwa tayari kitandani?

Sema kabla ya ganzi, kwa sauti. Neno "naomba tusubiri" linatosha. Fomu uliyoweka sahihi haikufungi. Daktari ataandika kwenye faili kwamba umeahirisha, utaelezwa hatari ya kuchelewa kama ipo, na utapewa tarehe nyingine. Hela uliyolipia uliza dirishani siku hiyohiyo, ukiwa na risiti mkononi.